Kifungu cha Kuonja

Ofisini kwangu Mbeya wanajua kwamba mimi sinywi chai ya mtu. Wanadhani ni maringo ya afisa afya. Mama anayetuhudumia chai, Msafwa mmoja mwenye maneno yake, aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu, "Wewe chai yangu unaiangalia kama sampuli ya maabara." Tukacheka wote, na mimi nikacheka nao. Ukweli ni kwamba nikipewa kikombe mkono wangu hausogei. Unabaki pale mezani, unasubiri aliyenipa aonje kwanza. Na hakuna anayeonja, kwa sababu pale ni ofisini, si kwetu.

Kwetu ni Iringa, juu kule kwenye milanzi. Mvua zikianza, wagema wanakata vichwa vya mianzi michanga, wanaweka mbeta, yaani vipande vya mwanzi vya kukinga, na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, unadondoka humo usiku na mchana. Mama yangu aliuza ulanzi nyumbani, akisaidiwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye mpaka leo namwita mamdogo. Kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba huwezi kumpa mtu kikombe hujaonja. Unachota, unapiga funda moja mbele ya macho yake, unafuta ukingo kwa kiganja, ndipo unampa. Hata awe baba yako. Hata awe padri. Kila mtu anajua maana yake: ninachokupa nami nimekunywa, kama kina kitu basi tufe wote. Anayekupa bila kuonja ana jambo lake na wewe.

Mamdogo alikuwa na ulimi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Alikuwa anaonja, anafumba jicho moja, kisha anakuambia mlanzi huu uko karibu na mto, na huu mwingine mgema wake mvivu, mbeta hajaisafisha tangu juzi. Sisi watoto tulikuwa tunasema anajidai tu. Wagema hawakuwa wanacheka, wao walikuwa wanakwenda kuosha mbeta.

Nikasoma, nikawa afisa afya, na kituo changu cha kwanza kikawa huko huko Iringa. Sikuwa nimemaliza hata miaka miwili kazini mkoa ulipoagiza halmashauri zake zitengeneze upya sheria ndogo za leseni za vileo. Na kwa kweli zilihitaji kutengenezwa. Ombi la mtu lilitoka kwa mtendaji wa kijiji, likaenda kata, likaenda polisi, likaja kwetu afya, na kila lilipopita lilikuwa na nafasi ya kupotea. Kilabu kisicho na choo kilikuwa na leseni. Mama mwenye choo kisafi cha kupigiwa mfano alikuwa ananyimwa, akiuliza anaambiwa bodi imekaa na imeamua. Hapewi sababu. Nilikuwa nakasirika mpaka nakosa usingizi, na nikachaguliwa kwenye kamati ya watu watano ya kuandika rasimu. Nasema bila aibu kwamba niliipenda kazi ile. Tuliandika saa za kufungua, kuanzia saa kumi jioni siku za kazi. Tuliandika choo, maji ya kuoshea vikombe, umbali na shule. Tuliandika kwamba anayenyimwa leseni apewe sababu kwa maandishi. Hicho cha sababu nilikipigania mimi.

Na hiki kingine pia ni changu: muuzaji haruhusiwi kuonja kinywaji kwa chombo atakachompa mteja, wala kunywa akiwa kazini.

Mwanasheria aliniuliza kama ni lazima. Afisa maendeleo ya jamii, Mhehe mwenzangu aliyekuwa anakaribia kustaafu, alivua miwani akasema, "Binti, hiki watu watakielewa vibaya. Unamwambia mtu asimwonjee mwenzake?" Nikamjibu kwa sauti ya chuo. Nikamtajia kipindupindu, nikamtajia kifua kikuu, nikamwambia mila haziui vijidudu. Nilijua vizuri kuonja ni nini kwetu, sikuwa mgeni. Nilijua, na nilikuwa naona aibu nako, ndiyo sababu nikakikazania kifungu vile. Mzee wa watu akavaa miwani yake akarudi kwenye makaratasi. Kifungu kikapita.

Wakati huo mamdogo alikuwa ameshaolewa bondeni, ukiteremka mlima Kitonga, kabla hujafika Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mashamba ya vitunguu na nyanya. Mume wake alikuwa ameshafariki. Alikuwa na kilabu kidogo kando ya barabara kuu, mabenchi manne na paa la bati, choo kisafi, leseni yake ukutani ndani ya fremu. Ulanzi alikuwa analetewa kutoka milimani kwa madumu. Wakulima, wapakiaji wa vitunguu, hata madereva wa malori walikuwa wanamwita dada.

Sheria zilipoanza kutumika nilikwenda kumtembelea Jumapili moja na nakala yangu mkononi. Nilikuwa najisikia, jamani. Nikamsomea kifungu kwa kifungu pale barazani huku akichambua mchicha. Tulipofika kwenye kuonja akaacha mchicha.

"Nisionje? Sasa mteja atajuaje?"

"Atajua kwa leseni iliyo ukutani, mamdogo. Wewe uwe mfano. Wengine wote watapuuza, lakini wewe una mtoto afisa."

Kisha akacheka, akarudi kwenye mchicha wake. "Haya," akasema. "Kama umeandika wewe, haya."

Kesho yake, Jumatatu, alitii kwa mara ya kwanza.

Yaliyotokea aliniambia yeye mwenyewe, si mara moja. Saa kumi ilipofika mteja wa kwanza akaingia, jirani yake, mpakiaji wa vitunguu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na utani mwingi. Alikuwa ameshinda juani. Nyuma yake alikuja kaka yake. Mamdogo akachota akampa. Yule bwana akashika kikombe, akakishikilia.

"Leo huonji?"

"Serikali imekataza."

"Serikali haijashinda na magunia," akasema, akacheka, akanywa kama alivyozoea, kikombe kizima kwa pumzi moja. Kaka mtu alipopewa chake kikamnukia vibaya puani, akatema funda la kwanza chini. Mwenzake alishamaliza. Hakulala nyumbani kwake siku ile. Alifia zahanati, jua halijazama.

Lilikuwa dumu. Mbebaji wa ulanzi alipungukiwa na dumu moja, akaazima kwenye shamba la nyanya, akalisuuza kwa maji ya mfereji, akaona limetakata. Lilikuwa la dawa ya wadudu. Polisi walilipata, mbebaji akakiri, na mamdogo aliyekuwa ameshikiliwa akaachiwa. Kwa polisi habari ikaishia hapo.

Kijijini haikuishia hapo. Habari za dumu kila mtu alizisikia, na kila mtu akaitikia kwa kichwa. Halafu wakauliza swali moja tu. Miaka yote anaonja, kwa nini siku ile hakuonja? Kaka wa marehemu alilisema msibani, polepole, bila kumtazama mtu. Tangu hapo likawa linasemwa kisimani, sokoni, kanisani kwenye ngazi baada ya misa. Mamdogo aliwajibu kwamba ni sheria. Wakamuuliza, sheria gani hiyo ya kumkataza mtu kuonja pombe yake mwenyewe?

Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano ili jambo lizungumzwe liishe. Mamdogo akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuomba umletee chumvi. "Mwanangu, njoo uwaambie tu kwamba ni sheria. Usiseme mengi. Wewe ni afisa, watakusikia."

Nikamwambia niko semina Mbeya.

Sikuwa semina. Nilikuwa nyumbani kwangu Iringa mjini, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nguo za kazi mwilini. Niliogopa kaka wa marehemu. Niliogopa kazi yangu. Niliogopa mtu mmoja asimame aulize, na aliyeandika ni nani, na mimi nijibu. Siku nzima nilikaa pale. Nilisikia majirani wakifua, wakianua, wakipika, na mimi sijainuka hata kunywa maji.

Mamdogo alisimama mkutanoni peke yake. Akasema ni sheria mpya. Wakamgeukia mtendaji, na mtendaji akasema ukweli wake, kwamba nakala za sheria mpya hazijamfikia, yeye hajaona kitu kama hicho. Hazikuwa zimemfikia kweli, zilikuwa bado kwenye maboksi ofisini kwetu, nilikuwa nayapita kila asubuhi. Kwa hiyo machoni mwa watu mamdogo aliondoka mkutanoni ameua mtu na kusema uongo. Msimu uliofuata aliomba leseni, akanyimwa, na akapewa sababu kwa maandishi kama nilivyopigania mimi. Mwombaji hakubaliki na jamii anayoihudumia. Barua ile aliniletea niisome, akidhani amekosea kuielewa.

Hakuwahi kunilaumu. Hilo ndilo lililonifukuza Iringa. Niliomba uhamisho, nikapata Mbeya, nikapanga nyumba mtaa wa Soweto, nikaanza maisha ya mtu asiye na kwao. Lakini yule mpakiaji, ambaye sikuwahi hata kumwona akiwa hai, alihama na mimi. Nikipokea soda dukani nasikia, leo huonji? Nikimimina maji ya kunywa jikoni kwangu, mwenyewe, peke yangu, nasikia. Hasikiki kama mtu mwenye hasira. Anasikika akitania, na nadhani angekuwa na hasira ningepata nafuu. Nilikwenda kuombewa mara mbili. Mchungaji aliniuliza kama kuna kitu nataka kutubu, nikamwambia ni presha.

Na sauti ya mamdogo nayo inakuja, ile ya siku aliyoniambia, "Ningeonja ningetema. Harufu ile ningeijua haijafika hata ulimini. Ningemwaga dumu lote nikamtukana yule mbebaji, yakaisha." Hakuniambia kunichoma. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyoeleza habari za mianzi.

Sasa mwaka huu halmashauri niliyohamia nayo imeamua kurekebisha leseni za vileo. Nikateuliwa katibu wa kamati, kwa sababu ya uzoefu wangu, walisema. Afisa biashara, kijana anayependa kazi kama nilivyokuwa mimi, akaja na rasimu aliyoipata kwa wenzake wa Iringa. "Dada, hii ni nzuri sana, hatuna haja ya kuanza mwanzo." Nikaifungua. Kilikuwa pale pale, kwa maneno yale yale, mpaka mkato ulio baada ya neno mteja. Nikaifunga nikasema ni nzuri kweli.

Kilisomwa kwenye kikao cha wadau, ukumbi umejaa, kina mama wauza pombe ya komoni wamekaa mistari ya mbele na vitenge vyao vya kutokea. Mmoja akasimama, mtu mzima, Mnyakyusa kwa lafudhi, akauliza bila kupaza sauti, "Hiki cha kutoonja kimeandikwa na nani? Huyo mtu ana kwao kweli?" Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akacheka. Mimi nilikuwa nimeinamia kompyuta naandika muhtasari, na niliandika hivi: mjumbe aliomba ufafanuzi wa kifungu.

Kamati ilipokaa baadaye nikasema kiondolewe. Wakaniuliza sababu. Nikasema ni kigumu kukisimamia. Wote wakakubali, afisa biashara akakifuta, tukaenda kunywa chai. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia kama mtoto.

Wiki iliyofuata nilichukua ruhusa nikaenda bondeni. Nilikuwa na rasimu mpya ndani ya mkoba, nimeikunja vizuri kama cheti. Nilitaka kumpa mamdogo kitu. Sijui nilidhani karatasi ile ingemfanyia nini.

"Kamwene," akaniamkia mlangoni kama mtu wa nyumbani.

"Kamwene, mamdogo."

Alikuwa amekonda. Anachambua vitunguu vya watu kwa kibarua, na hata huko anakaa pembeni. Mabenchi manne ya kilabu yalikuwa yamepangwa ukutani, moja juu ya jingine, yamefutwa vumbi. Aliniambia bila mimi kuuliza kwamba kwenye arusi siku hizi hapewi hata kazi ya kugawa maji. Fremu ya leseni bado ilikuwa ukutani, ndani yake ameweka picha ya marehemu mama yangu.

Nikamwambia habari za Mbeya. Akasikiliza huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Wamekiondoa?"

"Wamekiondoa."

"Ukawaambia kwa nini?"

"Niliwaambia ni kigumu kukisimamia."

"Aa," akasema. "Ni kweli, ni kigumu."

Akaingia ndani akatoka na mbeta ndogo ya ulanzi. Ndugu mmoja wa juu humletea, anakunywa peke yake. Akachota kikombe kimoja akanipa, hakuonja. "Huku kwetu bado sheria ipo," akasema, na akatabasamu kidogo, kwa sababu kwake huo ulikuwa ni utani kati yangu na yeye.

Mkono wangu haukusogea.

Ningependa kusema ni yale mazoea yangu ya ofisini. Nimejaribu kujiambia hivyo na sijaweza kujiamini. Pale, kwa muda wa kupepesa macho, niliangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwa mtu aliyenilea nikajiuliza kwa nini haonji. Mimi, ninayejua kuliko mtu yeyote duniani kwa nini haonji.

Aliona. Akakiweka kikombe kwenye kigoda katikati yetu, taratibu, kisimwagike.

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua yupo mtu mmoja asiyenishuku."

Nikakichukua nikanywa chote. Hakuniangalia nikinywa. Nikasimama nikamwambia, "Mamdogo, jitande kanga twende." Hakuuliza wapi. Saa kumi ilikuwa imepita na kilabu cha siku hizi kiko ng'ambo ya barabara, hatua chache tu, na yeye alikuwa hajakikanyaga tangu kifunguliwe.

Walikuwa wamekaa watu kumi hivi. Kaka wa marehemu alikuwa benchi la mlangoni, mvi zimemjaa. Alipomwona mamdogo, muuzaji akafunika ndoo yake kwa sinia. Nikasimama pale pale mlangoni nikataja jina langu na kazi yangu. Nikasema huyu mama hakuonja siku ile kwa sababu alikatazwa na sheria, na sheria hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, na jana yake nilikaa barazani kwake nikamwambia asionje, awe mfano. Nikasema nakala hazikuwa zimefika kijijini, zilikuwa zimekaa ofisini kwangu. Nilisema yote.

Kaka wa marehemu alikuwa anaangalia kikombe chake. Baadaye akainua uso.

"Siku ya ule mkutano," akauliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani," nikasema. "Iringa mjini. Nilikaa tu."

Akatikisa kichwa. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja, akamwonyesha mamdogo nafasi ya kukaa. Mamdogo hakukaa. Alikuwa amegeuka ananiangalia mimi, maana yeye miaka yote hii alijua nilikuwa semina.